Maneno Yake, Mashine Yangu

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo haijanitoka kichwani mpaka leo: siku niliyojitwisha debe la mahindi, nikavuka barabara mchana kweupe, nikaenda kupanga foleni kwenye mashine ya mwenzangu, huku nyuma yangu mashine yangu mwenyewe inanguruma. Mtaa wetu mzima wa Chanji uliniona. Waliocheka walicheka, na baadhi yao wako hai, nawajua kwa majina.

Nakusimulia kwa sababu ya ule mnuno uliokuja nao hapa nyumbani juzi. Uliingia, shikamoo ukaitoa kama mtu anayetema mbegu ya chungwa, ukakaa jikoni mpaka chai ikapoa. Nilipokubana ukasema ni Gaspari. Huyo Gaspari ni yule kijana wa Wampembe mnayefanya naye kazi, wewe na yeye na wenzenu wawili, katika kile chumba mlichopanga nyuma ya duka la saruji. Mnatengeneza programu ya chama cha wakulima, ili mahindi yakipimwa ghalani kompyuta ijue yenyewe nani kaleta kiasi gani. Ukasema Gaspari anapendwa. Ukasema anajipendekeza. Ukasema, "Mama, fanksheni yangu ni nzuri kuliko yake, inakwenda haraka kuliko yake, lakini wote wanatumia ya kwake. Jumatatu tunachagua itakayobaki. Najua itabaki ya Gaspari, yangu itafutwa." Na macho yako yalikuwa yamejaa maji, ingawa ulisema ni moshi wa jiko.

Mimi shule niliishia darasa la nne, na neno fanksheni nimelisikia kwako. Lakini sijawahi kuona haya kuuliza, ndiyo maana nina nyumba ya bati na wewe una cheti cha chuo. Nilikuuliza, ukanieleza vizuri. Ukasema ni kipande kidogo cha programu chenye jina lake. Unakipa kitu, kinafanya kazi yake, kinakurudishia kitu. Wenzako hawana haja ya kukifungua waone kilivyo ndani. Wanasoma maelezo mafupi uliyoandika juu yake, wanakiita kwa jina lake, basi. Nikakwambia hiyo ni mashine ya kusaga. Ukacheka kidogo, mara ya kwanza tangu uingie. Mimi sikuwa natania.

Nikakwambia unisomee hayo maelezo. Ukafungua kompyuta, ukanifasiria kutoka Kiingereza: "Fanksheni hii inashughulikia masuala yote ya uzito wa mazao kwa ufanisi wa hali ya juu." Nikakuuliza, uzito wa magunia au wa kilo? Ukajibu wa kilo. Nikauliza umeandika wapi. Ukatafuta, hukupaona. Kisha ukasema kwa hasira kwamba wenzako wangekuuliza tu, kwani wewe si upo?

Nikakwambia unisomee ya Gaspari. Ukasoma kama unayemeza dawa ya minyoo: "Ipe uzito kwa kilo, na unyevu wa mahindi kwa asilimia. Itakurudishia uzito kwa kilo baada ya kuondoa unyevu uliozidi. Ukiacha unyevu wazi haitakadiria. Itasimama na kukwambia unyevu haujaandikwa." Mwanangu, mimi mwenyewe nilielewa, na kompyuta sijui hata inawashwa wapi.

Hapo ndipo uliposema lile neno lililonifanya niweke kikombe chini. Ulisema, "Basi nitachukua maelezo yake niyabandike juu ya yangu. Kazi si ni ile ile?" Nikakuuliza, ya kwako mtu akiacha unyevu wazi inafanyaje? Ukasema ya kwako haisimami, inachukulia kwamba mahindi ni makavu, inaendelea na kazi. Sikukujibu. Niliona debe la mahindi kichwani kwangu. Nikakwambia ukalale. Sasa leo nakujibu.

Mashine yangu ya kwanza niliipata kwa dagaa. Nilikuwa binti mwenye nguvu. Nilishuka Kipili, nikanunua dagaa, nikapanda nao huku juu kwenye malori, nimekaa juu ya magunia na baridi ya Ufipa inanitoboa masikio. Hakuna mwanaume aliyenipa mtaji, hata baba yako. Yeye alinioa na mashine yangu tayari. Niliinunua kwa mzee mmoja aliyekuwa anahama, mashine ya dizeli, ya kusaga tu. Ya kukoboa sikuwa nayo. Nilijenga kibanda cha bati, nikamwita fundi wa kuandika mabango, akaniandikia ukutani kwa rangi nyekundu: MASHINE BORA YA KISASA, HUDUMA YA UHAKIKA, KARIBUNI WOTE. Pembeni akanichorea hindi la manjano. Lilikuwa hindi zuri mno. Watu walisimama kulitazama.

Nilikaa peke yangu mtaa ule nikiwa malkia. Halafu akaja Mama Kabula.

Watu wa kwao walikuja na ng'ombe kutoka upande wa Usukuma. Mume wake aliteremka na mifugo bondeni, yeye akabaki mjini na watoto, na kabla sijajua vizuri anaitwa nani, ameshafungua mashine ng'ambo ya barabara, uso kwa uso na mimi. Yeye alikuwa na ya kusaga na ya kukoboa pia. Ukuta wake haukuwa na hindi. Aliandika mwenyewe kwa chokaa na brashi ya kupakia rangi, herufi zimepinda kama mifupa ya samaki.

Mwezi haukuisha, watu wakahamia kwake.

Sasa nikwambie kitu ambacho wazee wengi hawatakwambia. Kijicho kilinila mpaka nikakonda. Kwenye bati la kibanda changu palikuwa na tundu la msumari, na jicho langu lilikuwa pale kutwa nzima. Nilijua foleni yake kuliko nilivyojua foleni yangu. Nilijua nani katoka, nani kaingia, nani alikuwa wa kwangu, nani aliinamisha kichwa akipita ili nisimwone. Mashine yake ikiwaka asubuhi kabla ya yangu, uji haukushuka. Nikaanza kusema maneno. Nilisema yule mgeni hana mashine, ana mambo mengine. Unajua mji wetu unavyosemwa huko nje kwa uchawi. Na mimi mzaliwa wa hapa, Mungu anisamehe, niliongeza kuni kwenye moto huo huo. Nilisema anawachekea wanaume. Nilisema anapunja. Sababu zote nilizitafuta, isipokuwa ile iliyokuwa imeandikwa ukutani kwake kwa chokaa.

Na sababu nyingine ilikuwa mdomo wangu. Mtu alikuwa akija kwangu na mahindi mabichi, chekeche la mashine linaziba, namfokea mbele ya watu: kwani hujui mahindi yanatakiwa yakauke? Mwingine analeta ulezi una mchanga, namfokea. Mwingine anauliza pumba ziko wapi, namcheka. Kila kitu kuhusu mashine ile nilikuwa nacho kichwani, na niliona ni jukumu la mteja kukijua kabla hajatoka kwao Laela au kwao Matai. Asipokijua, aniulize, mimi si nipo? Umesikia maneno hayo mahali, nadhani.

Jumapili moja baada ya misa, mashine zote zimezimwa, nikavuka barabara nikaenda kuusoma ukuta wa Mama Kabula kwa karibu. Ulikuwa unasema hivi: "Leta mahindi makavu. Uma punje, ikikatika kwa mlio ni kavu, ikibonyea rudi ukaanike. Hapa tunakoboa na kusaga. Utaondoka na unga wako na pumba zako. Ulezi leta uliopepetwa." Basi. Hakujisifu popote. Nilisimama pale na gauni langu la kanisani nikayasoma mpaka nikayashika yote, na moyoni nikasema, kumbe ni haya tu? Maneno haya tu ndiyo yanayoninyima usingizi?

Kesho yake nikalifuta hindi langu la manjano. Nikaandika maneno ya Mama Kabula neno kwa neno, kwa rangi nyekundu na herufi zilizonyooka kuliko zake. Pamoja na lile la kukoboa. Didasi, kijana aliyekuwa akiniendeshea mashine, alisimama nyuma yangu akasoma, akakuna shingo. Akasema, "Dada, sisi hatuna ya kukoboa." Nikamwambia anyamaze, mtu akifika nitamweleza kwa mdomo, cha muhimu kwanza wafike. Didasi akasema haya, akaenda kujaza dizeli.

Na kweli walifika. Mama Kabula foleni yake ilikuwa ndefu, watu wakageuza shingo, wakaona ukuta wangu unasema yale yale, wakavuka. Siku mbili tatu nilikuwa mlangoni mwenyewe, namweleza kila mmoja: leo ya kukoboa ina hitilafu kidogo, chukua dona, dona ina nguvu. Wengine walikubali, wengine walirudi ng'ambo. Mimi nikajiona nimeshinda. Kisha dagaa wangu, maana biashara hiyo sikuiacha, wakafika Kipili, nikapanda lori nikashuka ziwani kuwachukua, nikamwacha Didasi na mashine. Didasi ni mtu wa kazi, si mtu wa maneno. Ukimpa mahindi anasaga.

Wakati niko huko ndipo alipokuja Bibi Pelajia.

Bibi Pelajia alikuwa mama wa kijijini, mkulima, mwenye kuheshimika parokiani kwao. Mjukuu wake alikuwa anafunga nadhiri za usista Jumapili ile. Wewe unajua kwetu sherehe ya nadhiri ni nini: ukoo wote unakuja, mapadre wanakuja, watu wanalala hata zizini. Alileta gunia la mahindi meupe ya kuchagua, apate sembe ya wageni. Siku hizi madaktari wanawaambia mle dona, mnakula mnajisifu. Wakati ule mgeni wa heshima ukimwekea dona mezani, umemwambia hapa si kwake, apite mbele. Alimtuma kijana amsomee ukuta wa Mama Kabula, akamsomea. Akamsomea na wangu. Ni yale yale. Foleni ya kwangu ilikuwa fupi, akashusha gunia kwangu. Didasi akamsalimia, akamimina, akasaga. Bibi alikuwa amekaa nje na wenzake. Alipoletewa unga wake, ni dona tupu, gunia zima.

Nilishuka kwenye lori jioni nanuka dagaa. Nikaona watu wamekusanyika kwangu, nikafurahi, nikadhani ni foleni. Bibi Pelajia alikuwa amekaa juu ya gunia lake la unga, hajaondoka, mikono magotini. Pembeni yake amesimama mzee mmoja mfuga nguruwe, ana kiroba kitupu mkononi. Kumbe huyo alikuwa anamuuliza Didasi kwa mara ya ngapi sijui, pumba zake ziko wapi, na Didasi anamjibu kwa upole, "Mzee, zimo humo humo ndani ya unga."

Nikamwamkia bibi. Akaitikia marahaba vizuri kabisa, bila hasira, na hilo ndilo lililonitisha. Akaniuliza, "Wewe ndiye mwenye ukuta huu?"

"Ndiyo, bibi."

"Nisomee. Mimi macho yangu hayajui herufi."

Nikasoma. Mahindi makavu, punje, mlio. Nilipofika "hapa tunakoboa" akainua kidole.

"Simama hapo. Nionyeshe hiyo ya kukoboa."

Watu wakasogea karibu, hata mfuga nguruwe. Nikaanza kusema nilikuwa nakusudia mtu akifika nimweleze kwa mdomo. Akanikatiza: "Mimi nilifika. Ulikuwa wapi?" Nikasema Kipili. Akatikisa kichwa polepole. "Basi aliyekuwepo ni ukuta. Nimezungumza na ukuta wako, ukaniambia uongo, na ukuta hauna haya usoni. Maneno ya mwenzio umeyachukua. Mashine yake mbona hukuichukua?"

Halafu akasema nami Kifipa, taratibu, ili wale wasio wa kwetu wasisikie, na kwa hilo namshukuru. Aliniambia: nimeona unavyomtazama yule mama. Kumwonea wivu si ajabu, ni hodari. Lakini umeuonea wivu ukuta wake, wakati wanaompenda hawakuupenda ukuta. Walipenda kwamba wakitoka kwao na mzigo kichwani, wanachokikuta ndicho walichoambiwa.

Kisha akarudi kwenye Kiswahili akasema yeye anataka sembe, na Jumapili haisogei.

Ndiyo hivyo, mwanangu. Unga wake niliubakiza mimi, nikatoa mahindi yangu ghalani, na kwa sababu ya kukoboa sikuwa nayo, asubuhi yake nikajitwisha debe la kwanza nikavuka barabara. Didasi aliniambia anibebee. Nikakataa. Kiburi changu kilikuwa kimeshaniletea aibu, sikutaka mwingine anibebee.

Nilisimama kwenye foleni kama mteja yeyote. Zamu yangu ilipofika, Mama Kabula akatoka mwenyewe, unga umemjaa nyusi, akanitazama, akatazama debe.

"Karibu, dada. Mahindi makavu hayo?"

"Uma," nikamwambia.

Akachukua punje, akauma, ikakatika. Akasema, "Nimeuona ukuta wako. Herufi zako nzuri kuliko zangu." Wanawake kwenye foleni wakaziba midomo kwa khanga. Akaendelea, hana haraka: "Chokaa ungeniomba, ningekuazima. Maneno ungeyatafuta kwako." Kisha akachukua debe langu akaenda kulikoboa.

Nilikuwa na hasira ya kuweza kumpiga. Lakini nilikuwa nimekaa pale, madebe bado mengi, na mtu aliyekaa bila kazi macho yanaona. Akaja mama mmoja wa kijijini na ulezi kwenye kapu. Mama Kabula akachota kiganjani, akaupuliza, mchanga mtupu. Mimi nikasubiri amfokee. Ningekuwa mimi, mtaa mzima ungesikia. Yeye akamuuliza tu, "Pale nje ulisomewa nini?" Yule mama akasema, "Wameniambia ulezi uwe umepepetwa. Nimepepeta." Na kweli alikuwa amepepeta, makapi hayakuwemo. Lakini ulezi wetu tunaupigia chini, mwanangu, na kupepeta hakutoi mchanga, mchanga ni mzito, unabaki na punje.

Mama Kabula akaurudisha ulezi kapuni. Akasema, "Kosa ni la ukuta." Akachukua brashi, akatoka nje, akafuta mstari mmoja, akaandika: "Ulezi pepeta, kisha osha mchanga utoke, kisha anika ukauke." Akarudi akamwelekeza yule mama mahali pa kuoshea. Na mimi nikautazama ule ukuta vizuri kwa mara ya kwanza, nikaona umejaa makovu ya chokaa, safu juu ya safu. Kila mahali palipofutwa, kuna mtu alikosea pale, na badala ya kumcheka mtu yule, Mama Kabula aliufuta ukuta.

Pale ndipo nilipomwonea wivu kuliko siku zote. Wivu wa kwanza ulikuwa wa foleni. Huu ulikuwa wa kichwa chake. Nilijua kwamba jambo lile ningeweza kulifanya miaka yote, na mashine niliyokuwa nayo, na sikulifanya.

Jioni nikafuta maneno yake yote. Nikaandika ya kwangu, na neno la kwanza juu kabisa lilikuwa: "Hapa hatukoboi." Didasi alidhani nimechanganyikiwa. Nani anaanza tangazo kwa kusema asichofanya? Chini yake nikaandika: "Tunasaga dona na ulezi. Pumba hazitoki, zinabaki ndani ya unga. Ukitaka sembe, vuka barabara." Sitakudanganya kwamba lile la mwisho nililiandika kwa mapenzi. Nililiandika kwa sababu ni kweli.

Walikuja waliotaka dona. Walikuja wapika pombe na ulezi wao, wakijua watakachoondoka nacho. Hakuna aliyefika akakuta kingine. Baadaye Mama Kabula naye akawa anawaelekeza kwangu watu wa ulezi, na hilo liliniuma zaidi, maana sasa hata wateja nilikuwa napewa na yeye. Mashine ya kukoboa niliinunua miaka mingi mbele, na mstari nikaubadilisha siku ile ile fundi alipokaza boliti ya mwisho, kabla sijala. Mama Kabula sikumpita. Mpaka leo sijampita. Namkuta sokoni, tunasalimiana, tunaulizana watoto, na nikiona kikapu chake kimejaa kuliko changu roho inanipa shoti kidogo. Sijasema wivu unaisha.

Sasa nisikilize. Usichukue maelezo ya Gaspari. Ya kwake yanasema mashine itasimama, na ya kwako haisimami, inaendelea na kuhesabu mahindi mabichi kama makavu. Siku karani wa ghala amesahau kuandika unyevu, amesoma maneno yako akaamini, chama kitapokea maji kikidhani ni mahindi, na mkulima aliyekausha ya kwake vizuri juani ataonekana sawa na yule aliyeleta mabichi. Wewe hutakuwepo. Utakuwa umelala, au umeolewa Mbeya. Watakaokuwepo ni maneno yako.

Kaa uandike ya kwako. Sema inataka nini na kwa kipimo gani, kilo iwe kilo, usimwachie mtu abahatishe. Sema itamrudishia nini mkononi. Kile isichoweza kiandike wazi, tena mapema, na sema inafanyaje ikipewa kitu kibovu au ikinyimwa kitu. Kama inajichukulia tu kwamba mahindi ni makavu, andika hivyo hivyo, na ukiona aibu kuandika, basi ujue kinachotakiwa kurekebishwa ni mashine na siyo maneno. Kama inaacha kitu nyuma ambacho mtu hakukiomba, kama zile pumba, kitaje. Ufanisi wa hali ya juu futa. Hakuna mtu aliyewahi kusaga kwa sifa. Na siku ukibadilisha kitu ndani yake, badilisha na maneno siku hiyo hiyo, usiseme kesho.

Halafu nenda kwa Gaspari. Najua hutaki. Mwambie akae aitumie fanksheni yako mbele yako, asome maelezo yako peke yake, na wewe funga mdomo, hata akikosea, hasa akikosea. Pale atakaposita ndipo palipo na kazi yako. Usimwambie kwani hujui. Rudi ukaandike upya, umpelekee tena. Na ukiwa pale mtazame na yeye anavyofanya. Kama unamwonea wivu, basi muonee wivu ule unaofungua macho, ukae kwenye foleni yake mpaka uone anachokifanya ambacho wewe hukifanyi. Mimi nilipoteza muda mrefu kwenye tundu la msumari. Nilichokuwa nakitafuta kilikuwa kinaonekana ukisimama mlangoni.

Jumatatu wanaweza kuchagua yake. Sitakuficha. Inawezekana yake ni bora kweli. Lakini ya kwako iende mezani ikisema ukweli wake yenyewe, na wenzako wakiiacha waiache kwa sababu wameielewa.

Haya, mwanangu. Mungu wa baba zako akupe subira ya kumsikiliza mtu anayekosea. Akujalie maneno machache yanayobeba mzigo wote bila kuyumba. Kazi ya mikono yako ifike magengeni na maghalani ambako miguu yako haitafika, na huko mtu asiyekujua, aliyechoka, mwenye haraka, aitumie ikamtosha, aende zake kwa amani bila hata kuuliza uliitwa nani.